Emmett Vondra, Mshika Mkia wa Kambi ya Mtakatifu Bernardo

Tarehe 16 Agosti mwaka huu, baada ya viangazi ishirini na tisa vya utumishi, Bwana Emmett Vondra anastaafu rasmi kazi yake katika Kambi ya Mtakatifu Bernardo. Ofisini cheo chake kinasomeka Msimamizi wa Safari za Mlimani. Watoto wa sekondari waliopita mikononi mwake hawakijui cheo hicho. Wao humwita Mzee Mkia, naye huitika bila kinyongo.

Nimeombwa niandike wasifu huu kwa sababu nimefanya naye kazi muda mrefu kuliko wote waliobaki, na pia kwa sababu, kama mkurugenzi wetu alivyonieleza kwa upole, "Winnie, wewe huna haya." Ni kweli sina. Mimi ni Winifred Tackett, mpishi wenu. Mkiona nimemtania mzee wa watu kupita kiasi, njooni jikoni mniambie, nami nitawapa masufuria ya kusugua.

Emmett alizaliwa shambani huko Nebraska, mahali ambapo kitu kirefu kuliko vyote ni ghala la mahindi, na cha pili ni mnara wa kanisa. Alihamia Colorado kwa ajili ya Mama Loretta, ambaye alikuwa amesema wazi kwamba hataolewa na mwanamume wa kumtenga na milima yake. Akapata kazi ya kuendesha basi la shule. Kiangazi, shule zikifungwa, hakuwa na la kufanya, na ndivyo alivyoangukia kwetu: dereva. Alitakiwa awafikishe watoto mwanzo wa njia, aegeshe basi, asome gazeti lake, asubiri warudi.

Kiangazi kile cha kwanza kijana mmoja wa mjini alikuja na buti mpya zilizombana. Kabla hata hajaingia mlimani visigino vilikuwa malengelenge matupu. Viongozi wakaamua abaki kwenye basi. Emmett akakunja gazeti.

"Kwani huyu ana shida ya kwenda," akauliza, "au ana shida ya kwenda haraka?"

Emmett akafunga basi, akampaka kijana mafuta, akamvalisha soksi zake mwenyewe, wakaondoka wawili nyuma ya wote, polepole, wakizungumza habari za ng'ombe. Gazeti lile sidhani kama alilimaliza. Tangu siku hiyo nafasi ya nyuma imekuwa yake, na ole wake kijana yeyote wa chuo aliyejaribu kumpokea.

Watoto, kama mjuavyo, hufika Jumapili na simu mkononi na sura za watu waliolazimishwa na mama zao. Simu zinaingia sandukuni, wenyewe wanaingia porini: miamba, mto, rozari kando ya moto, ungamo chini ya misonobari. Aliyekuwa akilishika sanduku la simu ni Emmett. Msichana mmoja wa Denver aliwahi kumlilia machozi ya kweli. "Sasa nikitaka kumwambia mtu kitu, nitafanyaje?" Emmett akafikiri kwa makini. "Utafungua mdomo," akamwambia. "Mwanzoni utaona tabu kidogo. Utazoea."

Msimdhanie shujaa wa kila mahali. Maji anayaogopa vibaya sana. Siku ya kuteremka mto alikuwa akikaa katikati ya boti la mpira, kamba mikono miwili, akisali Salamu Maria kwa kasi ya kuushinda mto wenyewe, na watoto wakimwitikia huku wakifa kwa kicheko. Joanie, nahodha wetu, alikuwa akimwambia, "Mzee Emmett, hapa maji ni ya magotini." Naye akimjibu, "Joanie, mimi nikianguka sitatangulia na magoti." Nilimuuliza mara moja, kama ni hivyo, kwa nini anapanda. Akasema katika kila boti kuna mtoto mmoja anayeogopa, na si haki aone aibu peke yake.

Halafu kuna habari ya kamba ya buti. Juu kwenye mawe wanaishi wale panya wakubwa wa milimani, wanene kama paka wa parokia, wanaopenda chumvi ya jasho. Mmoja alimtafunia Emmett kamba ya buti akiwa amevua ili kupumzisha vidole. Alirudi kambini buti limefungwa kwa rozari yake ya uzi. Padre Ignacio, padre mlezi wetu, akamkodolea macho. "Emmett, hiyo si rozari?" "Ndiyo, Padre. Leo nimesali kwa mguu." Padre akaomba ruhusa ya kucheka.

Huko nyuma watu husema mengi. Mtoto aliyechoka hana nguvu ya kujificha, basi humwaga yote: baba ameondoka nyumbani, rafiki amenigeuka, mimi sijui hata kama namwamini Mungu. Emmett hakuwahi kutoa mahubiri. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hayo mpelekee Padre. Mimi nina maji na zabibu kavu tu." Padre Ignacio hupenda kusema kwamba Emmett humletea nyama ambayo tayari imelainishwa. Na Padre anajua anachokisema, kwani yeye mwenyewe, alipokuwa mwanafunzi mnene mwenye pumu kutoka Bonde la San Luis, alipanda akiwa nyuma na Mzee Mkia. Hata jina lile ni yeye aliyelianzisha, ingawa siku hizi hukana.

Haya, sasa nifike kwenye jambo lenyewe, kwa sababu najua wengi wenu mmesikia vipande vipande, na kila mmoja anasimulia lake.

Kila Ijumaa ya kambi tunapanda Mlima Larkin, na juu kabisa inasomwa Misa ya Kileleni. Watoto wanaoishuhudia huizungumzia mpaka wanazeeka. Lakini juu kule mawingu ya mchana hayabishi hodi, na radi haiulizi kama umeshamaliza kusali. Kwa hiyo tuna sheria moja isiyojadiliwa: saa sita mchana, popote ulipo, geuka ushuke, hata kama kilele unaweza kukigusa. Mlinzi wa sheria hiyo ni Emmett na filimbi yake. Misa lazima ianze mapema na iishe mapema, na wanaotembea polepole hawaiwahi. Hukutana na wenzao njiani wakishuka wakiimba, nao hugeuka, kisha jioni hupokea Komunyo kwenye kikanisa chetu cha mbao. Na aliye pamoja nao sikuzote ni nani?

Naam. Kileleni Emmett amefika mara nyingi, siku za kazi, akirekebisha alama za njia. Lakini Misa ya Kileleni hakuwahi kuiona hata moja. Mwenyewe hakuwahi kulitaja. Mama Loretta ndiye aliyenong'ona jikoni mwezi wa sita, tukikanda unga. "Kila Ijumaa anarudi, anamkamata mtoto mmoja aliyefika, anamuuliza: ilikuwaje? Upepo ulizima mishumaa? Mliimba nini? Anauliza kama mtoto aliyekosa harusi. Winnie, mwaka huu ni wa mwisho. Fanyeni kitu."

Tukafanya. Jamani, tulivyofanya! Padre Ignacio aliwaambia watoto wote siri, na watoto wakaishika vizuri kuliko sisi watu wazima. Kikundi chenyewe kilikuwa kama kimetumwa: nusu yao walikuwa timu ya mbio za nyika, wakiongozwa na Bridget Sandoval, msichana mwenye miguu ya swala na ulimi wa mama mkwe. Bridget aliwakimbiza wenzake vilimani wiki nzima. Nami niliwapikia uji mzito ambao kijiko kilisimama wima ndani yake. Kufikia Alhamisi hatukuwa na mtoto mchovu hata mmoja kambini. Mkia ungefika kileleni kwa wakati, na Emmett angefika nao, atake asitake.

Kisha, ili kutia asali juu ya keki, Padre akamwalika Askofu Thaddeus Kraft aje kuongoza Misa. Askofu akakubali kwa furaha. Ni mtu mwema, mkubwa wa umbo, mwana wa nchi tambarare, na goti lake moja lina historia.

Asubuhi ya Ijumaa Padre alitupanga njiani kwa maandamano kamili, kama inavyostahili. Msalaba mbele. Watumishi wa altare. Watoto wawili wawili. Padre. Na mwisho wa wote, mahali pake pa heshima kama Kanisa linavyofundisha, Baba Askofu. Sisi sote tulibatizwa tukiwa wachanga, na maandamano ya namna hiyo tumeyazoea. Tulitazama mpango ule tukaona ni mzuri na mtakatifu. Mimi mwenyewe nilikuwa pale nimebeba kolache za Mama Loretta, vile vimkate vya jamu vya kwao Emmett huko Nebraska, za kulia kileleni. Sikuona kosa. Tulikuwa tumeingia kwenye miti tayari ndipo nikageuka nikamwona askofu anachechemea, na nyuma yake, mikono mgongoni, ametulia kabisa, Emmett.

Yesu na Maria! Wiki nzima tumewafundisha watoto kukimbia, kisha kwa mikono yetu wenyewe tumeweka askofu kwenye mkia.

Niliwaza kumkimbilia Padre, lakini alikuwa ameshapotelea mbele, anaimba. Askofu hakuwa na haraka. Alimsalimu kila mpandaji tuliyepishana naye, akauliza anatoka wapi, akabariki mbwa, akambariki na bwana mmoja aliyejitetea kwamba yeye ni Mlutheri. "Baba Askofu," Emmett akamwambia hatimaye, "mbwa waliobaki tutawabariki tukirudi."

Tulipotoka kwenye miti, msalaba ulikuwa umeshafika juu. Tuliwaona watoto wakirukaruka, wakitupungia kofia. Tukapanda mawe, tukapumzika, tukapanda. Kilele kikawa karibu kiasi kwamba nilitambua nani amevaa koti la nani, na sauti ya Bridget nikaisikia waziwazi ikitupigia kelele tuharakishe. Hapo ndipo goti la askofu lilipogoma. Akakaa juu ya jiwe, uso umemwiva.

"Emmett," akasema akihema, "panda. Mimi basi. Padre aanze Misa, na wewe uwepo."

"Hapana, Baba Askofu."

"Siku hii ni yako. Mimi nimeitwa kwa ajili yako."

"Najua. Nimejua tangu asubuhi, kila mtu aliponipongeza kwa kukosa watoto wachovu."

Mimi nikatazama buti zangu.

"Basi nakuamuru," askofu akasema. "Mimi ni askofu wako."

"Kanisani nakutii, wala sibishi. Huku wewe ndiye wa mwisho, na wa mwisho simwachi."

Nikashindwa kunyamaza. "Mzee Emmett, mimi nipo! Nenda, nakuomba. Nitakaa naye, nitamlisha kolache mpaka mrudi."

"Winnie, unajua kumshusha mtu mwenye goti bovu kwenye mawe haya?"

Sijui. Najua kumenya viazi. Emmett akainua macho akakitazama kilele, akakitazama tena. Nikageukia pembeni kwa sababu machozi yalishanijaa, na hasira pia, sijui ya kumkasirikia nani. Kisha akatazama saa yake, ilikuwa saa sita kamili, akachukua filimbi, akaipuliza.

Juu kule Misa ilikuwa haijaanza. Padre alikataa kuanza bila askofu. Kwa hiyo sasa watoto wote walitakiwa kushuka kutoka mahali walipopahangaikia wiki nzima, bila Misa, bila kitu. Na walishuka, maana filimbi ya Emmett haibishaniwi. Wa kwanza kutufikia alikuwa Bridget, anaruka mawe, machozi na kamasi pamoja.

"Mzee Mkia, umetuharibia! Mmebakiza padogo vile! Si ungetuita, tungembeba Baba Askofu!"

"Mngembeba?"

"Tuko wengi!"

"Mimi nisingekataa," askofu akasema kutoka kwenye jiwe lake.

"Una haki ya kukasirika, Bridget," Emmett akamwambia. "Kasirika huku unashuka."

Akampita bila kumtazama. Tukamshusha askofu, Emmett akiwa amemwekea bega, akimwonyesha pa kukanyaga. Sehemu moja waliposimama kupumua aliniambia kwa sauti ndogo, "Winnie, mimi si kitu, nimezoea kukosa. Lakini leo nimewanyima watoto Misa yao. Kiangazi changu cha mwisho, nimewanyima." Sijawahi kumwona Emmett Vondra na uso ule. Ningempa chochote cha kumfariji, lakini nilichokuwa nacho ni kolache, akakataa.

Tulipofika miti ya kwanza tukawakuta watoto wote wamekaa nyasini, wamenuna, hawazungumzi. Kuna mti mkubwa uliolala pale, umenyooka kama meza. Padre Ignacio akatutazama tukija, akawatazama watoto, akatazama ule mti. Akafungua mkoba wake, akatandika kitambaa cheupe juu ya gogo, akaanza kupanga vitu vya Misa bila kumuuliza mtu. Ilichukua muda kidogo ndipo ikatuingia akilini. Kwa mara ya kwanza tangu kambi ianze, Misa ya mlimani ilikuwa inasomwa na hakuna aliyekosekana.

Mnauliza kuhusu radi? Hakuna radi. Mbingu ilikaa bluu mchana kutwa kama shuka jipya, na watoto, waliporudiwa na ulimi, hawakumwachia. "Mzee Mkia, ile radi iko wapi?" Emmett akajibu bila kuinua kichwa, "Imechelewa kama askofu." Askofu alicheka mpaka akalishika goti.

Mahubiri yalikuwa mafupi kuliko yote niliyowahi kusikia kutoka kwa mtu wa cheo kile. Askofu hakusimama. "Tangu niwekwe wakfu," akasema, "mimi hutembea mwisho wa maandamano. Wanasema ni mahali pa heshima. Ukweli ni kwamba unaona migongo tu, na ukianguka, waimbaji wanaendelea kuimba. Leo goti liliponigomea niligeuka nyuma, na kwa mara ya kwanza nikamkuta mtu." Emmett, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa karibu na kichaka, akavuta kofia mpaka puani.

Wakati wa Komunyo watoto wakapanga mstari mbele ya gogo. Emmett, bila shaka, akasimama mwisho. Bridget alikuwa wa kwanza mstarini, macho bado mekundu. Akamtazama askofu, akatoka kwenye nafasi yake, akatembea mpaka nyuma, akasimama nyuma ya Emmett.

"Nenda mbele, binti," Emmett akamnong'oneza.

"Siendi."

Na mwenzake aliyekuwa wa pili akatoka, akaja nyuma ya Bridget. Na wa tatu. Emmett akawaashiria kwa mkono, akawakunjia uso, akawanong'oneza kwa ukali, hakuna aliyemsikiliza. Mstari ukamzunguka na kumpita, mtoto baada ya mtoto, mpaka Padre Ignacio naye akaenda nyuma, mpaka mimi na kapu langu nikaenda nyuma. Mbele ya Emmett hakubaki mtu. Akageuka, akavua kofia, akatembea peke yake mpaka kwa askofu, wa kwanza.

Mzee wetu, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Kambi ya Mtakatifu Bernardo, na kwa niaba ya kila mtoto uliyemngoja afunge kamba ya buti, asante. Mungu akupe wewe na Mama Loretta maisha mema, marefu, yenye afya na vicheko, mbali na mito. Usiharakishe kwenda popote. Tunakupenda, Emmett, na tunakuaga huku tunalia, nami mpishi wako nikiwa wa kwanza kwa hilo.